Mkasi Mkononi mwa Hadhira: Mashabiki Wanaohariri Filamu na Suala la Mwenye Matini

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba hadhira si mtungi wa kutiliwa maji. Hadhira huitikia, huuliza, hukatiza, na pengine humsahihisha fanani papo hapo. Hadithi iliyosimuliwa jana ikisimuliwa tena leo haiwi ileile, wala hakuna anayedai kwamba usimulizi mmojawapo ulikuwa na makosa. Filamu, kinyume chake, humfikia mtazamaji ikiwa imekamilika na kufungwa. Mtazamaji aweza kucheka, kulia au kuondoka ukumbini, lakini hawezi kumwambia mwelekezi amwondoe mhusika fulani.

Hata hivyo, kwa zaidi ya robo karne sasa kumekuwepo watazamaji ambao hawakuridhika na mipaka hiyo. Huichukua filamu iliyokwisha kutolewa, wakaiingiza katika tarakilishi za nyumbani, wakaikata, wakaipanga upya, wakabadilisha muziki na hata rangi, kisha wakatoka na filamu nyingine. Hawalipwi, na aghalabu hawajulikani kwa majina yao halisi. Makala haya yanadhamiria kuichunguza kazi yao: jinsi inavyofanywa, inavyowachosha na inavyowaridhisha, pamoja na swali inaloliibua kuhusu mwenye matini baada ya matini kutoka mikononi mwa mtunzi.

Istilahi "toleo la shabiki" itatumiwa hapa kwa maana ya filamu iliyohaririwa upya na mtazamaji asiye na mamlaka juu yake. Isichanganywe na toleo la mwelekezi, ambalo hutoka kwa mwenye kazi, wala na uharamia, ambao hunakili filamu nzima ili kuiuza bila kuibadilisha chochote.

Chimbuko

Ni kosa kudhani kwamba tabia hii ilizaliwa na tarakilishi. Katika Muungano wa Kisovieti wa miaka ya 1920, filamu za kigeni zilihaririwa upya kabla ya kuonyeshwa ili ziafikiane na itikadi ya dola. Esfir Shub alikuwa mmoja wa wahariri hao. Mwaka wa 1924 aliishughulikia filamu ya Mjerumani Fritz Lang kuhusu Dkt. Mabuse, na kando yake alikuwepo kijana Sergei Eisenstein akijifunza. Eisenstein alikuja kuwa mmoja wa wananadharia wakuu wa uunganishaji wa picha, na si jambo la kupuuzwa kwamba mojawapo ya madarasa yake ya awali lilikuwa kuikata filamu ya mtu mwingine.

Shub, hata hivyo, alikuwa mwajiriwa. Anayekaribia zaidi shabiki wa leo ni msanii Joseph Cornell wa New York, aliyeipata nakala ya filamu ya mwaka wa 1931 iitwayo East of Borneo, akaipunguza hadi takriban dakika 19, na kubakiza hasa picha za mwigizaji mmoja wa kike, Rose Hobart. Kisa chote kilitoweka. Ukabaki uso wa mwanamke anayegeuka, anayesubiri, anayetazama kando. Cornell aliionyesha kupitia kioo cha rangi ya buluu mwezi wa Desemba 1936. Husimuliwa kwamba mchoraji Salvador Dalí, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, aliipindua mashine ya kuonyeshea kwa hasira akidai kuwa wazo hilo lilikuwa tayari kichwani mwake. Tangu mwanzo, basi, ugomvi wa umilikaji uliandamana na kazi hii, na ajabu ni kwamba aliyelalamika hakuwa mwenye filamu.

Enzi ya sasa ilianza na filamu ya George Lucas, The Phantom Menace, iliyotolewa mwaka wa 1999. Mashabiki wa Star Wars walikuwa wameisubiri kwa miaka 16, na wengi wao walitoka ukumbini wakinung'unika. Katika mwaka wa 2000 na wa 2001 zilianza kupitishwa kanda za video za toleo lisilotoka kwa Lucas, lililoitwa The Phantom Edit. Lilikuwa limeondoa takriban dakika 20 kutoka kwenye filamu ya dakika 133. Mhusika Jar Jar Binks, aliyewaudhi watazamaji kwa vichekesho vyake, alipunguzwa sana. Maelezo ya kisayansi kuhusu asili ya nguvu za wapiganaji wa Jedi yalikatwa. Na baadhi ya vifijo vya kitoto vya Anakin vikanyamazishwa. Ilikuja kubainika mwaka wa 2001 kwamba aliyelitengeneza ni Mike J. Nichols, mhariri wa filamu kutoka California.

Jambo muhimu kuhusu Nichols ni kwamba kazi yake ilikuwa hasa ya kupunguza, si ya kuongeza. Filamu aliyoitoa, kwa sehemu kubwa, ilikuwamo ndani ya ile ya Lucas. Alichofanya ni kuichonga, kama mchongaji anayeondoa mti ili kinyago kionekane.

Taabu za kazi

Msomaji asiyewahi kuhariri filamu huenda akadhani kwamba ugumu uko katika picha. La hasha. Jicho ni jepesi la kusamehe: picha ikiruka kutoka uso mmoja hadi mwingine, mtazamaji huona kama kawaida ya filamu. Sikio halisamehe. Katika filamu iliyokamilika, mazungumzo, muziki na sauti za mazingira vimekwisha kusukwa pamoja kama miyaa ya mkeka. Muziki huanza kabla ya onyesho kwisha na huendelea chini ya maneno ya onyesho linalofuata. Shabiki akiondoa sekunde kumi za maneno yasiyopendeza, ameondoa pia sekunde kumi za muziki, na wimbo huruka kama gari lililopita juu ya tuta. Mhariri wa awali hakuwa na tatizo hili, kwa kuwa alikata picha kabla ya muziki kuwekwa. Shabiki hufika mkeka ukiwa umekwisha kufumwa na kukatwa pindo.

Njia moja ya kujiokoa ilitokana na jinsi sauti za DVD zilivyopangwa. Filamu nyingi huwa na njia sita za sauti, na mazungumzo kwa kawaida hupitia njia ya kati. Shabiki aweza kuizima njia hiyo ili maneno yapotee na muziki ubaki katika njia za kando. Lakini maneno hayapotei peke yake. Nyayo za mhusika, mlango unaofungwa, kikombe kinachowekwa mezani, vyote huondoka navyo, na huku mwangwi wa sauti iliyozimwa ukisikika kwa mbali katika njia nyingine. Inambidi basi atafute nyayo katika onyesho jingine, achukue upepo mahali pengine, akope muziki kutoka albamu ya filamu hiyo, kisha avishone vipande hivyo hadi mshono usionekane. Siku kadhaa za kazi huishia katika sekunde nne ambazo, zikifanikiwa, hakuna mtu atakayezitambua. Hii ni kazi ambayo kufaulu kwake ni kutoonekana, na hapo ndipo ilipo kero yake kubwa.

Kero ya pili ni ya kimuundo, na ndiyo inayomhusu zaidi mwanafunzi wa fasihi. Mfano bora ni filamu tatu za Peter Jackson zilizotokana na riwaya ya J. R. R. Tolkien, The Hobbit, ya mwaka wa 1937. Kitabu hicho kifupi cha watoto kilifanywa filamu za karibu saa nane kwa jumla, zilizotolewa mwaka wa 2012, 2013 na 2014. Mwezi mmoja tu baada ya ile ya tatu kutoka, yaani Januari 2015, shabiki mmoja alitoa toleo la takriban saa nne lililokusudiwa kurudi karibu na kitabu. Miongoni mwa vilivyoondolewa ni mapenzi ya Tauriel, mwanamke wa jamii ya elf asiyekuwemo katika riwaya, na Kili, mmoja wa vijeba.

Kumwondoa Tauriel kunaonekana rahisi mpaka mtu ajaribu. Katika filamu ya pili, Kili hupigwa mshale wenye sumu wakati vijeba wanapotoroka mtoni. Kwa sababu ya jeraha hilo huachwa katika mji wa ziwani pamoja na wenzake wachache, huku wengine wakiendelea na safari ya mlimani. Tauriel humfuata huko na kumtibu. Katika filamu ya tatu, joka linapouteketeza mji, Tauriel na vijeba hao hutoroka kwa mashua pamoja na watoto wa Bard. Shabiki akiyakata matibabu, jeraha linabaki bila kupona. Akilikata jeraha, vijeba wanabaki nyuma bila sababu. Akikata kubaki kwao, itabidi waonekane mlimani siku ambayo hawakupigwa picha mlimani, na wanapokuja kutokea baadaye wakipokewa na wenzao, mtazamaji hujiuliza walikuwa wapi. Uzi mmoja uliovutwa huku nyuma hukunja kitambaa chote mbele. Aliyewahi kufundishwa kwamba ploti ni mfungamano wa visababishi na matokeo, akakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani, angeyaelewa kikweli akipewa kazi hii kwa wiki moja.

Zipo taabu nyingine za kawaida: tarakilishi inayokesha ikikokotoa usiku kucha na asubuhi kutoa faili mbovu, diski inayokufa na kazi ya miezi sita ndani yake, na kuzijua nyuso za waigizaji kiasi cha kutoweza tena kucheka wala kuogopa. Shabiki huianza kazi kwa kuwa anaipenda filamu, na mara nyingi huimaliza akiwa hawezi kuitazama.

Sheria nayo haiko upande wake. Marekani, sheria ya mwaka wa 1998 ilikataza kuvunja kufuli za kidijitali zilizowekwa katika diski, hata kwa aliyeinunua diski hiyo kwa fedha zake. Mwaka wa 2010 ulitolewa msamaha kwa wanaochukua vipande vifupi kwa ajili ya uhakiki katika video zisizo za biashara, lakini filamu nzima si kipande kifupi. Mashabiki wenyewe wamejiwekea desturi ya kutouza, na ya kumtaka kila atazamaye awe na nakala halali ya filamu ya awali. Desturi hiyo ni ya kiungwana, ila mahakamani si ngao. Hata mwelekezi maarufu Steven Soderbergh, alipolitoa hadharani mwezi wa Januari 2015 toleo lake la dakika 110 la 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, alilazimika kuliondoa kwa ombi la wenye haki. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamtambulia mtunzi, mbali na haki ya mapato, haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayodhuru heshima yake. Fikra hiyo ni ya zamani, kwani iliingizwa katika Mkataba wa Berne mwaka wa 1928.

Kinachopatikana

Kwa nini basi wanaendelea? Jibu la kwanza ni kwamba hakuna usomaji wa karibu unaozidi huu. Soderbergh huyohuyo, mwaka wa 2014, alichukua Raiders of the Lost Ark ya Steven Spielberg, akaifanya nyeusi na nyeupe, akaondoa mazungumzo yote na kuweka muziki mwingine, ili mtazamaji asishughulishwe na lolote isipokuwa jinsi watu na vitu vilivyopangwa ndani ya fremu. Lilikuwa somo, na lilifundisha kwa kunyima. Mhakiki wa kawaida husema kwamba onyesho fulani linachelewesha masimulizi. Shabiki huliondoa, akaitazama filamu bila onyesho hilo, na mara nyingi hugundua kwamba ucheleweshaji ule ndio uliokuwa unaipa pumzi tukio linalofuata. Huirudisha. Uhakiki wake umejaribiwa ukashindwa, na kushindwa huko ni elimu ambayo tasnifu nyingi hazijawahi kuipata.

Jibu la pili linahusu uhifadhi, na hapa ndipo hoja ya umilikaji inapokuwa na ncha mbili. Mwaka wa 1988, George Lucas alifika mbele ya Bunge la Marekani kupinga watu waliokuwa wakizibadilisha filamu za kale, hasa kwa kuzitia rangi. Alidai kwamba filamu ni urithi wa umma. Mwaka wa 1997, Lucas huyohuyo aliitoa upya Star Wars ya 1977 ikiwa na viumbe wapya, onyesho lililokuwa limeachwa, na tukio mashuhuri la mkahawani ambamo Han Solo, aliyekuwa amempiga risasi Greedo bila kungoja, sasa alionekana akijibu shambulio. Mhusika aliyeanza kama mjanja asiye na huruma akawa mtu anayejitetea. Mabadiliko zaidi yalifuata mwaka wa 2004 na wa 2011, na toleo la 1977 likawa halipatikani madukani kwa ubora wa kuridhisha. Lilipotolewa katika DVD mwaka wa 2006, lilikuwa nyongeza tu, tena limetokana na chanzo kilichoandaliwa kwa diski za leza za mwaka wa 1993.

Petr Harmáček, shabiki kutoka Jamhuri ya Cheki, aliamua kulirejesha. Aliunganisha picha kutoka vyanzo mbalimbali vya viwango tofauti, akafuta nyongeza moja baada ya nyingine, akalinganisha rangi, mpaka ikapatikana filamu inayokaribia ile iliyotazamwa mwaka wa 1977. Hapa shabiki hakubadilisha kazi ya mtunzi. Aliikinga isibadilishwe na mtunzi mwenyewe.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hana budi kulitambua tatizo hili. Muhammad Kijuma wa Lamu alinakili tenzi kwa mkono wake kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na mengi tunayoyajua kuhusu ushairi wa kale yalipita katika kalamu yake na za wenzake. Matoleo ya Al-Inkishafi yaliyochapishwa na wahariri tofauti, lile la William Hichens la mwaka wa 1939 likiwa mojawapo, hayalingani kikamilifu. Mhakiki anayeyalinganisha hufanya kazi ya Harmáček: hutafuta ubeti ulioongezwa, neno lililolainishwa, mpangilio uliovurugwa. Tofauti iliyopo ni kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakuwepo tena kuulizwa, ilhali Lucas yuko hai, anasema toleo analolitaka ni lile jipya, na hadhira haikubali. Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi mwaka wa 1967, hakueleza la kufanywa iwapo mwandishi atarudi akiwa na mkasi.

Anayeondolewa

Itakuwa ni kuwapendelea mashabiki kuishia hapo. Mwezi wa Januari 2018 lilitokea toleo la The Last Jedi lililotengenezwa na mtu asiyejitambulisha, ambalo nia yake ilikuwa kuwaondoa wanawake katika filamu hiyo kadiri ilivyowezekana. Filamu ya saa mbili na nusu ilibaki dakika 46. Wengi walilicheka, akiwemo mwelekezi wake, Rian Johnson, na kwa hakika takwimu hiyo ya dakika inasema yenyewe jinsi wahusika hao walivyoibeba hadithi.

Lakini si rahisi kulicheka toleo hilo kisha kulisifu lile la The Hobbit bila kusita. Tauriel aliondolewa kwa hoja ya uaminifu kwa riwaya, na hoja hiyo ni kweli, kwa maana Tolkien hakumwandika. Ila riwaya ya Tolkien karibu haina mwanamke yeyote mwenye sauti. Jackson na waandishi wenzake walimbuni Tauriel wakilijua pengo hilo; walivyomfanya aishie katika mapenzi ya pembetatu ni udhaifu wao. Anayemkata kwa jina la kitabu huondoa udhaifu wa kisanaa na kurejesha ukimya wa mwaka wa 1937 kwa mkato mmoja. Matoleo hayo mawili hayalingani kwa nia, wala haistahili kuyatia katika kapu moja. Lakini mkasi haujui nia, na mtazamaji asiyeiona filamu ya awali hupokea tu dunia isiyo na wanawake. Mhariri huyu angeweza kumwachia Tauriel upinde wake na kumpunguzia mapenzi yake. Kazi hiyo ingekuwa ngumu zaidi kwa sababu zilizokwisha kutajwa, na huenda ugumu huo ndio ulioamua, wala si uaminifu.

Mkasi na kinywa

Katika Afrika Mashariki hadhira imejitwalia filamu za kigeni kwa njia nyingine. Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizisimulia kwa Kiswahili filamu kutoka Marekani, India na China. Uganda kuna ma-veejay, na Kenya kuna DJ Afro, ambaye sauti yake imezoeleka katika vibanda vya video na ndani ya matatu. Hawa hawakati picha. Huiacha jinsi ilivyo, wakaifunika kwa sauti: humpa shujaa jina la mtaani, humkejeli adui, hueleza mila za kigeni kwa mifano ya nyumbani, na pengine hubuni kisa ambacho mwandishi wa filamu hakukiota. Shabiki wa California hushika picha na kuogopa sauti. Msimulizi wa Nairobi hushika sauti na kuiacha picha ijiendee. Mmoja hujificha ili mshono wake usionekane, mwingine hutaja jina lake katikati ya pigano. Huyu wa pili ni fanani kwa kila hali, na aliyesoma nadharia ya utendaji hatahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Zoezi la semina

Kwa kuwa si kila chuo kina tarakilishi za kuhariria filamu, kazi hii yaweza kujaribiwa kwa tamthilia. Wanafunzi wachukue Mstahiki Meya ya Timothy Arege, wamwondoe Bili, rafiki na mshauri wa Meya, pasipo kuongeza neno hata moja. Kila jibizano ambalo yumo lifutwe au lipewe mhusika mwingine ambaye tayari yuko jukwaani. Kundi moja liandike kila jambo linalobaki bila sababu baada ya kuondoka kwake. Kundi la pili liamue ni nani sasa anayempotosha Meya, au iwapo Meya hakuhitaji kupotoshwa. Kisha makundi hayo mawili yasome matoleo yao kwa sauti mbele ya watu ambao hawajaisoma tamthilia, na waulizwe ni wapi walipohisi kwamba kuna mtu aliyekosekana.